Milango Midogo ya Korona Kongwe

Zamani, ukitoka Kigombe kwa miguu kwenda Tongoni, ilikuwa lazima upite Korona Kongwe. Watu walipaita hivyo kwa sababu ndipo kilipokuwa kiwanda cha kwanza cha mkonge upande ule, na mashine ile inayoponda majani ya mkonge hata zibaki singa tupu ndiyo korona yenyewe. Kiwanda kilifungwa miaka mingi kabla ya vita ya Hitla, kikajengwa kipya karibu na reli, na kile cha zamani kikaachwa na kuta zake za matofali, matangi ya saruji yaliyopasuka, na nyuma yake tuta kubwa la mabaki ya mkonge. Mabaki hayo yalikuwa yameoza zamani, yakachanganyika na chokaa, jivu na vipande vya matofali, yakashikana yakawa udongo. Mtu mwenye haraka zake alipita pale bila kugeuza shingo. Idarusi bin Sheha alikaa pale karibu nusu ya umri wake, na wallahi alipapenda kuliko nyumbani kwake.

Msimcheke bado. Waliomcheka walikuwa wengi, na kazi hiyo waliifanya vizuri.

Alikuwa Mbondei wa pwani, mwembamba, mwenye maneno machache na kicheko kirefu. Kampuni ilimweka mlinzi pale ili watu wasiibe mabati na magurudumu ya chuma. Vita ilipokuja vyuma vyote vikachukuliwa, mabati yakaezekwa kwingine, na mlinzi akasahauliwa. Hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi. Kila mwisho wa mwezi alipanga foleni na kipande chake cha kazi pamoja na wakata mkonge, akapewa chake, akarudi kulinda ukuta. Kambini walimwita Bwana Magofu, naye aliitika.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vililiwa na korona ileile, enzi za ujana wake, alipokuwa analisha majani mashineni. Siku hiyo damu ilitoka hata wenzake wakakimbia, na asingekuwapo mtu mmoja tungekuwa hatuna habari ya kusimulia. Mtu huyo aliitwa Laurenti, Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, aliyeletwa pwani na gari moshi pamoja na manamba wenzake. Laurenti alipanda juu ya pipa, akakomba utando wote wa buibui uliokuwa umetanda kwenye dari la kiwanda, akaushindilia kwenye jeraha na kulifunga kwa singa mbichi. Damu ikasimama. Wala hakumwambia pole. Alimwambia kwamba vidole viwili vile atavichoma alie ugali, na Mbondei asije kumdai.

Idarusi alicheka huku machozi yakimtoka. Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba wao ni watani.

Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani mnaujua, ulitoka safarini tangu siku za misafara ya mizigo. Mtani huingia kwako akachukua kuku mbele ya macho yako, nawe ukamwambia amesahau jogoo. Hutukana wazee wako, nao wakamtilia maji ya kunywa. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha mwenyewe, na watu watakusema hata ujukuuni kwako. Laurenti alimpita Idarusi kwa miaka kadhaa, na huku kwetu mtu aliyekupita kidogo tu unampa shikamoo yake. Lakini baina ya wawili hawa shikamoo haikupita hata siku moja. Laurenti alikuwa anafika Korona Kongwe, anasimama mbali, anauliza, "Hujafa tu?" Idarusi anamjibu kwamba anangoja yeye atangulie, apate kushiba kwenye matanga yake. Basi wameshasalimiana, wanakaa.

Walipendana watu hawa. Msije mkadhani nasema hivi kwa kuremba.

Sasa kuhusu milango. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, Idarusi ameegemea lile tuta akila muhogo wake wa kuchoma, akaona ardhi inafunuka. Kimfuniko cha mviringo, hakizidi sarafu ya senti tano kwa ukubwa, kiliinuka upande mmoja, mguu wa rangi ya kutu ukatoka, ukamkamata mchwa aliyekuwa anapita, na mfuniko ukafungwa. Tuta likawa tuta kama kwamba hapakutokea kitu. Idarusi aliacha muhogo ukapoa. Alipochungulia kwa makini akaona mifuniko mingine, mingi, imepakwa unga wa tofali na kuvu ya kijani hata usiitambue mpaka uwe umeshajua pa kutazama. Chini ya kila mfuniko palikuwa na shimo lililotandikwa hariri, na ndani ya kila shimo buibui mweusi, mnene, ameushikilia mlango wake kwa ndani.

Alikuwa amelelewa na mama ambaye, ukiinua ndala kumpiga buibui, ndala hiyo ilikuangukia wewe. Bi Mwanakhamis alikuwa akiwahadithia watoto jinsi buibui alivyoutanda mlango wa pango alimokuwa Mtume, maadui wakapita wakadhani hamna mtu. Kwa hiyo buibui nyumbani kwao alikuwa mgeni wa heshima. Lakini buibui mwenye mlango wa kufunga na kufungua Idarusi hakupata kumwona wala kumsikia. Akakaa naye. Mwaka baada ya mwaka, vuli baada ya vuli, akajifunza kwamba mvua zikishanyesha vizuri madume hutoka, membamba, yakazunguka tuta yakitafuta wake, na dume likifika mlangoni haliingii hivihivi. Linagonga kwa miguu ya mbele, linangoja. Lisipofunguliwa linakwenda zake.

"Wana adabu," alimwambia mama yake. "Wanabisha hodi."

Mtu aliyekuwa amechekwa nusu ya maisha yake alikuwa amepata majirani wasiomcheka. Hicho ndicho alichokipenda, kama mnataka kujua.

Mwaka wa hamsini na mmoja akaja Mama Chupa. Jina lake la kweli lilikuwa refu na la kizungu. Alikuwa mke wa mhandisi mmoja wa bandari, anakaa Raskazone, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na chupa na kijiko akitafuta wadudu. Alikuja Korona Kongwe kutafuta konokono wadogo weupe waliokuwa wanalamba chokaa ya kuta. Idarusi alimtazama akichokonoa ukuta kwa upole, akamwona si mtu wa kuharibu, akampeleka nyuma kwenye tuta. Akafunua mfuniko mmoja kwa unyasi.

Yule mama alipiga magoti matopeni na gauni lake. Alikaa vile muda mrefu. Kisha akamweleza Idarusi mambo ambayo Idarusi hakuyajua, kwa sababu Idarusi siku zote alidhani buibui wale hula majivu pia, na Mama Chupa akacheka, akamwonyesha mabaki ya mchwa na siafu ndani ya shimo. Akamwambia jike huchimba shimo moja tu katika maisha yake, tangu akiwa mdogo kama mbegu ya mchicha, na hulipanua kadiri anavyokua. Ukimbomolea akiwa mkubwa, hajui tena pa kuanzia. Akamwambia pia kwamba buibui wenye milango amewaona sehemu nyingi, lakini hawa wa miguu ya kutu ametafuta kutoka Pangani mpaka mpaka wa Kenya na hajawaona. Huenda ni ule mchanganyiko wa chokaa, jivu na mkonge uliooza. Huenda tuta jingine la namna ile halipo.

Akaenda kwa meneja wa shamba kuomba mahali pale paachwe. Meneja alikuja, akalipiga tuta teke kwa buti lake, akasema kwamba kwa kuwa pale hapana faida yoyote kwake, na pakae. Siku pakiwa na faida, hayo yatakuwa mazungumzo mengine. Mama Chupa alifurahi sana. Akachomeka vigingi vilivyopakwa chokaa kuzunguka tuta, akafunga kamba ya katani, na kumwambia Idarusi mbele ya meneja kwamba yeye ndiye mlinzi wa hapa.

Jioni ile Idarusi alipiga pasi kanzu yake. Baada ya miaka yote ile alikuwa na kitu cha kulinda.

Laurenti wakati huo alikuwa ameshapanda cheo, ni nyapara wa kundi moja la wakataji. Jumapili moja alipotoka misa akapita kumtukana mtani wake kama kawaida, akaviona vigingi vyeupe. Akauliza ni kaburi la nani. Idarusi kwa furaha akamwonyesha kila kitu: mifuniko, hariri, mguu wa kutu unaotoka. Laurenti akatikisa kichwa akasema kumbe Mbondei ameoa wake wengi asitangaze, na mahari haijalipwa. Palepale akatoa gunia alilokuja nalo la kubebea makumbi, akapita chini ya kamba, akazunguka upande wa nyuma wa tuta ambako hapakuwa na milango, akajaza udongo. Akasema ndiyo mahari, anakwenda nayo kwenye bustani yake ya mchicha.

Hapo sasa. Watani wana neno lao. Jambo likiwa la kweli, likiwa linamgusa mtu moyoni, husema "Hapa utani basi," na mwenzake huacha papo hapo, wala haulizi kwa nini. Neno hilo lina nguvu kwa sababu halitumiwi ovyo. Idarusi alilifikiria. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini aliona haya. Aseme utani basi kwa ajili ya buibui? Habari ingefika kambini kabla hajafika yeye, na angepewa jina baya zaidi hata hilo la Bwana Magofu angelililia. Akacheka. Akamwambia Laurenti amesahau kuchukua na jivu.

Basi mtani akawa anakuja na gunia lake. Leo moja, kesho kutwa jingine. Mchicha wake ukanawiri, bamia zake zikawa nene, mpaka watu wakawa wanatoka kambi nyingine kuja kuzitazama. Na kila alipokuja alisema maneno yaleyale, waziwazi, kifua mbele: iko siku atakuja na watu na majembe, awafagie wale wake wote wa Mbondei, tuta zima likapandiwe miche. Idarusi alicheka hata akashika mbavu. Mara moja akamjibu kwamba asije na majembe peke yake, aje na troli kabisa, maana udongo wenyewe ni mwingi.

Alisema hivyo kwa mdomo wake. Baadaye maneno hayo ndiyo yaliyomnyima usingizi.

Mama yake alipoyasikia hakucheka. Bi Mwanakhamis alikuwa mzee sana wakati huo, anatembea kwa mkongojo, anatafuna tambuu yake barazani Kigombe, na Laurenti alimpenda na kumtukana miaka yote. Alimwuliza mwanawe mtani huyo amesema hivyo mara ngapi. Idarusi akasema ni utani tu, mama.

"Miye nakuuliza weye," Bi Mwanakhamis akasema, "ulishamwambia kuwa hapo utani basi?"

Idarusi akainamia ndala zake, akazivaa. Mama yake akatema tambuu, akasema haya basi.

Ilikuwa vuli ya mwaka wa hamsini na mbili. Mama Chupa alikuwa likizoni kwao Ulaya na mumewe. Mkonge wakati huo ulikuwa umepanda bei kwa ajili ya vita vya huko Korea, na kila kipande cha ardhi kilikuwa kinafyekwa kipandwe. Asubuhi moja, mvua imekatika usiku, madume yanatembea tutani yanabisha hodi, Idarusi akasikia vyuma vinagongana upande wa barabara. Akatoka. Watu walikuwa wanatandika reli ndogo za troli kuja upande wake. Nyuma yao kundi zima lina majembe na makarai. Mbele yao Laurenti, amevaa kofia mpya ya nyapara mkuu, filimbi shingoni.

Idarusi alicheka. Nawaambieni alicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Alidhani mtani wake safari hii ametia fora, kaja na watu wazima na reli na kofia ya kuazima ili amwangushe. Akakimbia akasimama mbele ya kamba, akatandaza mikono, akapiga kelele kwamba Mnyamwezi mwizi hapiti hapa mpaka akanyage maiti yake. Wale vibarua wakacheka. Laurenti naye akacheka. Kisha akapuliza filimbi.

Jembe la kwanza likazama. Idarusi bado anatabasamu, anangoja mchezo ugeuke, anangoja Laurenti aseme haya, rudini, mmemwona alivyobadilika rangi. Jembe la pili likazama. Karai likajaa, likamwagwa kwenye troli, na katika udongo ule mweusi ikaonekana mifuniko, mingine imeanguka chali, hariri yake nyeupe inang'aa juani. Tabasamu lilimkauka Idarusi usoni. Akamshika Laurenti mkono.

"Laurenti," akasema. "Hapa utani basi."

Hatimaye alilisema. Laurenti alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya vidole hakuwa na mzaha wowote machoni.

"Utani umekwisha zamani, Idarusi," akamjibu. "Mimi nilikuwa nakwambia kweli kila siku. Wewe ndiye uliyekuwa unacheka."

Akautoa mkono wake taratibu, akapuliza filimbi tena.

Habari yote Idarusi aliipata baadaye kwa wale vibarua, maana siri ya kambi haikai. Meneja alikuwa amepita kambini akaziona zile bamia, akasimamisha gari, akauliza mbolea ni ya wapi. Laurenti angeweza kusema ni samadi ya ng'ombe. Angeweza kusema hajui. Hakuna aliyemshika shati. Alisema Korona Kongwe, na asitosheke, akampelekea meneja kikapu cha bamia nyumbani kwake, akamweleza kwamba tuta lile peke yake litalisha vitalu vyote vya miche, na kwamba analijua ndani nje. Nafasi ya nyapara mkuu ilikuwa wazi. Haikukaa wazi muda mrefu.

Na haya yalitokea kabla ya vuli, kabla ya ule mzaha wa troli. Siku Idarusi alipomwambia aje na troli, Laurenti alikuwa ameshaziagiza reli. Alicheka pamoja naye huku anajua. Alikuwa amepata namna ya kumwuza mtu mchana kweupe, mwenyewe akimpigia makofi. Mimi nimesikia mambo mengi mabaya pwani hii lakini hilo linanichoma mpaka leo.

Tuta lilikwisha mapema kuliko mtu angedhani. Buibui waliobomolewa walitembea juani polepole, wazito, hawajui pa kwenda, na kunguru wakashuka kutoka kwenye kuta. Idarusi alikusanya aliowaweza kwenye kikoi chake, akawapeleka kwenye ufa wa tangi la zamani, akawawekea udongo uleule, akawatobolea vishimo kwa kijiti. Walikaa juu ya udongo. Hawakuchimba. Kila asubuhi aliwakuta wamepungua, na wa mwisho alimkuta amejikunja miguu palepale alipomweka.

Alikwenda kwa meneja. Meneja akamkumbusha alichosema tangu mwanzo: siku pakiwa na faida. Maneno yake hayakuwa na uongo wowote, na Idarusi alitoka pale hana la kumlaumu. Akaenda kwa wazee. Wazee walikaa, wakamsikiliza mpaka mwisho, na alipofika kwenye buibui mmoja wao akaangua kicheko, kisha wote wakafuata. Mtani kachukua udongo! Sasa ulitaka achukue nini? Hata hivyo, kwa kumstahi, wakamwamuru Laurenti alete kuku wa utani wamalize. Laurenti akaleta jogoo mkubwa, akamkabidhi kwa matusi matamu ambayo watu waliyacheka mpaka wakajifuta machozi. Jogoo akapikwa. Idarusi akakatiwa paja, akala mbele za watu kwa sababu kukataa kungekuwa aibu.

Kazi ya ulinzi ikaisha, maana hata kuta zilibomolewa zikawa kifusi cha barabara. Akapelekwa vitaluni kunyweshea miche. Miche ile ilishika vizuri ajabu, kijani kibichi. Mara nyingine katika udongo aliokota kimfuniko kikavu, akakigeuza kwa kidole, akakirudisha chini. Mama Chupa aliporudi kutoka Ulaya alikuja, akasimama barabarani, akautazama uwanja mtupu. Alilia waziwazi, akamshika Idarusi mkono akasema pole, akaenda zake, hakuja tena. Laurenti alipita vitaluni kila siku na filimbi yake. Alikuwa anauliza, "Hujafa tu?" kama zamani, na Idarusi alikuwa anainamia debe lake la maji kama hajasikia. Laurenti akawaambia watu kwamba Mbondei masikio nayo yameliwa na korona.

Kiangazi kilichofuata Bi Mwanakhamis akafariki, usingizini, kwa amani.

Msiba ulijaa watu. Wanawake ndani, wanaume mikekani uani, vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Na kama ilivyo desturi, kila mtu alikuwa anamngoja mtani. Msiba bila mtani ni msiba wa mkiwa, hakuna wa kuuvunja ukimya wala kuwakumbusha wafiwa kwamba wana meno. Laurenti hakuwaangusha. Alitokea njiani amejifunga kaniki ya kizee, mkongojo mkononi, mgongo ameukunja, na mwendo ule ulikuwa wa Bi Mwanakhamis mtupu, na kule kusimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi, na kule kutikisa kidole. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Akina mama wakachungulia dirishani, wakacheka na kulia kwa pamoja. Alipita katikati ya mikeka akiwakaripia vijana kwa sauti ya marehemu, mpaka akafika alipoketi Idarusi, akajitupa chini miguuni pake.

"We mwanangu," akasema kwa sauti ile ya kizee, "wanizika bila tambuu?"

Uwanja mzima ukamgeukia Idarusi. Hii ilikuwa zamu yake: amtukane, amwagie maji, amwambie maiti gani hii inanuka pombe ya mapera, na msiba uchangamke.

Kicheko kilimpanda. Lazima niseme hivyo, kilimpanda kweli, kwa sababu kwa dakika ile alikuwa amemwona mama yake anatembea tena, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumpa zawadi hiyo. Mtu aliyemfunga jeraha lake. Mtu aliyemjua mama yake mpaka pumzi zake. Ndicho kilichomwuma zaidi. Akakimeza kicheko. Akanyanyuka, akakung'uta kanzu, akaiweka sawa kofia yake, akainamisha kichwa kama mtu anavyomwinamia mkubwa asiyemzoea.

"Shikamoo, Bwana Laurenti."

Watu wachache walicheka, wakidhani ni mwanzo wa mzaha. Laurenti mwenyewe alicheka. Alibaki pale chini, ametandaza kaniki yake, uso ameuinua, anangoja mchezo ugeuke, anangoja tusi lenyewe. Halikuja. Idarusi alikuwa amesimama vilevile, mkono wenye vidole vitatu kifuani, macho chini, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Karibu mkekani," akasema. "Ahsante kwa kuja kutuzikia."

Kicheko cha Laurenti kikafifia kidogokidogo mpaka kikaisha. Akawatazama watu, watu wakatazama mikeka. Shikamoo ya mtu aliye mdogo kwako haiachwi hewani, hasa msibani.

"Marahaba," akajibu, kwa sauti yake mwenyewe.

Akainuka. Akaivua ile kaniki, akaikunja, akauegemeza mkongojo ukutani, akaenda kuketi mwisho wa mkeka pamoja na karani wa shamba na wageni wengine waliotoka mbali. Kahawa ilipopita, naye walimpa kikombe.